Pole Tumpe Nani

Katika chumba chetu cha walimu kila mtu alikuwa na kiti chake, isipokuwa yeye. Alikaa palipokuwa wazi, na pasipokuwa wazi alisimama dirishani, mgongo wake kwetu, kikombe cha chai mkononi, akitazama kinamasi kilichokuwa nyuma ya shule. Tulimwita Mwalimu wa Maadili kwa sababu hilo ndilo somo alilofundisha, Elimu ya Jamii na Maadili, vipindi vichache kwa juma. Wanafunzi walilipenda wakiamini kwamba halina jibu la kukosa. Yeye aliwaambia lina majibu ya kukosa mengi kuliko hesabu, ila hakuna anayeyatia alama nyekundu.

Nilifundisha naye miaka sita, mwishoni mwa miaka ya themanini na mwanzoni mwa ile ya tisini, katika shule ya sekondari upande wa Naitiri. Pale, ukitaka mji, unao miwili: Kitale kwa mambo ya shamba na vitabu, Bungoma kwa mambo ya serikali. Mimi nilikuwa Madam wa Jiografia. Mfumo wa elimu ulikuwa umebadilishwa, masomo mapya yameingia, na wengi wetu tulikuwa tunasoma jioni kile tulichofundisha asubuhi. Yeye hakuwa na shida hiyo. Alikuwa amesoma falsafa Nairobi, na bado alikuwa anaisoma, kwa maana alikuwa anaandika tasnifu.

Shule nzima ilijua habari za ile tasnifu, hata mpishi. Ilihusu tawi la falsafa linaloitwa maadili ya mazingira, na swali lake lilikuwa moja: je, ardhi, maji na vitu visivyo na faida yoyote kwetu vina haki ya kudai chochote kutoka kwetu? Walimu wenzangu walidhani ni mambo ya kupanda miti. Siku za kupanda miti alikuja kama sisi wote, akachimba mashimo yake, akamwagilia miche yake. Ila mtu akimpongeza, "Mwalimu, leo ndiyo siku yako," alijibu, "Hii ni kazi ya mikono. Yangu ni swali."

Aliyemtania zaidi alikuwa Mwalimu wa Kilimo, mtu mnene, mcheshi, aliyependa trakta kuliko kitu chochote.

"Mwanafalsafa, umesalimia vyura leo?"

"Nimewasalimia. Wanasema jana walikuamkua na hukuitikia."

"Si uwaambie nilikuwa haraka, bana."

Walikuwa marafiki wa kweli, hawa wawili, na nasema hivyo mapema kwa sababu ya mambo yaliyotokea baadaye.

Kwa umbo alikuwa mrefu aliyejikunja kidogo mabegani, kama mtu aliyezoea milango mifupi. Koti lake lilikuwa na viraka viwili vya viwiko, kimoja cha kahawia na kingine cha kijivu. Viatu vyake vilikuwa vyeusi na vya kung'aa daima, katika shule ambayo sisi wengine tulishinda na gambuti kuanzia Machi hadi Septemba. Nilishangaa siku nilipogundua sababu. Hakuwa anaingia kwenye kinamasi hata kidogo. Alikuwa akikitazama tu.

"Hukipendi?" nilimuuliza.

"Kina mbu, Madam. Kinanuka. Na mimi matope sipendi tangu zamani."

"Na unakitetea?"

"Ningekipenda, ushahidi wangu ungekuwa na kasoro. Ungesema natetea raha yangu."

Huyo ndiye alikuwa yeye. Mtu mwingine angekuambia uzuri wa mafunjo wakati wa jua la asubuhi, au habari za korongo wenye taji waliotaga kule juu kwenye matete. Korongo hao alikuwa amewahesabu kutoka dirishani, akijua ni jozi ngapi, lakini sikumsikia hata siku moja akisema ni wazuri. Alisema wapo.

Namna yake ya kufundisha niliiona siku darasa langu lilipotolewa kwenda kufyeka uwanja, nami nikaenda kukaa nyuma ya kidato cha tatu kumsikiliza. Juu ya meza alikuwa ameweka jembe, gunzi la mahindi lenye punje, na chura ndani ya chupa ya jemu iliyotobolewa kifuniko.

"Jembe hili nikilivunja," aliuliza, "pole tumpe nani?"

"Mwenye jembe!" darasa lilijibu.

"Jembe lenyewe je?"

Wakacheka. "Jembe haisikii, Mwalimu."

"Haya. Na mahindi haya yakiliwa na panya?"

"Pole kwa mama," alisema msichana mmoja.

"Kwa nini mama?"

"Si ndiye alilima."

Hata wavulana waliguna kukubali.

"Na huyu chura nikimkanyaga?"

Sauti ikatoka nyuma: "Pole kwa chura. Lakini kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama ya mtu amejikwaa."

Darasa lilipasuka kwa kicheko, naye akaandika ubaoni, kwa mwandiko wake ulionyooka: *Chura: kama ya mtu amejikwaa.* Hakutania. Aliandika jibu la mwanafunzi jinsi lilivyotolewa, kila mara. Kisha akaelekeza chaki dirishani.

"Na lile tope lote likikauka?"

"Pole kwa vyura wote!"

"Waondoe vyura. Tumewahamisha salama, na ndege pia. Sisi watu tumeletewa maji ya mfereji. Hakuna aliyeumia. Tope sasa limekauka. Kuna yeyote au chochote cha kupewa pole?"

Kengele ililia na hakuna aliyeinuka. Tukitoka aliniambia, "Tasnifu yangu yote ni hiyo. Zilizobaki ni tanbihi."

Alikuwa ameichukua pole kutoka midomoni mwetu. Sisi tunampa pole aliyefiwa, aliyejikwaa, anayelima juani, hata mgeni aliyetembea umbali mrefu. Yeye aliona kwamba anayepewa pole ni yule tuliyemhesabu kuwa ndani ya boma letu, na alitaka kujua ukuta wa boma hilo uko wapi, na nani aliujenga. Wasomi aliowasoma vitabuni walikuwa na njia zao za kuuliza. Yake ilikuwa hiyo, na sijaona iliyo rahisi zaidi.

Kila Jumamosi ya pili ya mwezi alikwenda Kitale na faili ya kijani kwapani, kumpelekea mpiga chapa kurasa mpya. Nilimsindikiza mara moja nikihitaji ramani. Mpiga chapa alikuwa mama wa makamo mwenye kibanda karibu na soko, naye hakumwogopa.

"Mwalimu, hapa umesema kitu kimoja mara tatu."

"Ni mkazo."

"Ni karatasi yako. Lakini mimi nikisoma mara ya tatu nilisikia usingizi."

Mwalimu alikata sentensi mbili palepale, akiwa amesimama, akitumia ukingo wa mashine kama meza. Njiani alisema kwamba huyo ndiye msahihishaji bora aliyewahi kumpata, kwa sababu profesa wake husoma mpaka mwisho kwa heshima, na yule mama huacha pale anapochoka.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwangu katika nyumba za walimu, na nyuma yake alikuwa na kishamba cha viazi vitamu alichokilinda kwa ukali wa kutisha. Adui yake alikuwa fuko. Alimwita mtegaji kutoka Tongaren, mzee mwenye vijiti na kamba, na fuko alipopatikana Mwalimu alimbeba mkia juu akatuonyesha sote kama kombe la mpira.

"Na haki zake?" nilimuuliza.

"Hajasoma tasnifu yangu."

"Na kinamasi kimeisoma?"

Alifikiri, fuko akining'inia. "Hilo ni swali zuri," alisema, "na nitalijibu viazi vikishakomaa."

Mke wake, muuguzi wa zahanati, alisema mume wake ni mwema kwa vitu vyote vilivyo mbali zaidi ya hatua mia moja. Nyumbani alisahau kuni, alisahau chumvi, aliacha taa ikiwaka akilala na kitabu kifuani. "Kama mimi ningekuwa tope," aliniambia siku moja akichambua mboga, "ningekuwa nimeandikiwa sura mbili." Alisema hivyo akicheka, na jioni hiyohiyo nilimwona Mwalimu akimbebea maji kutoka kisimani, ndoo mbili, viatu vyake vya kung'aa vikikwepa kila dimbwi.

Ndivyo alivyokuwa, mpaka ulipokuja mwaka wa gorogoro.

Desturi ya shule ilikuwa kila mwanafunzi alete gorogoro za mahindi, kile kipimo cha mkebe, kwa ajili ya githeri ya mchana, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe. Asiyeleta alirudishwa nyumbani kuzitafuta. Miezi ya kabla ya mavuno ilikuwa mibaya siku zote, lakini mwaka ule ilikuwa mibaya zaidi. Mvua zilichelewa, ghala zikawa tupu mapema, na asubuhi moja nilipoita majina darasani, nusu ya madawati yalikuwa wazi. Walikuwa njiani, mikebe mikononi, wakienda kuomba kwa shangazi zao.

Mwalimu Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuwarudisha watoto. Yeye na Mwalimu wa Kilimo walichora mpango: kuchimba mitaro, kukausha kinamasi chote, kupanda mahindi ya shule. Ardhi ilikuwa ya shule, ilikuwa nyeusi kama masizi, na, kama alivyosema, "iko bure tu." Aliita mkutano wa wazazi ili waidhinishe na walete majembe. Kila mtu alijua Mwalimu wa Maadili atasimama kupinga.

Siku moja kabla ya mkutano nilitembea naye kutoka darasani. Mimi kazi yangu ni ramani, na kuna jambo nililijua. Chini kabisa, pale kijito kinapochomoka kutoka kwenye mafunjo, ukoo mmoja wa ng'ambo ulikuwa na sitosi yake. Ndipo mahali ambapo wavulana wao hupakwa matope alfajiri ya siku ya kutahiriwa, mwezi wa Agosti, kila mwaka wa pili. Baba zao walipakwa hapo, na babu zao. Mitaro ingepamaliza.

"Wewe taja sitosi tu," nilimwambia. "Nusu ya kamati ya shule ilipakwa matope hapo. Mkutano utaisha kabla soda hazijafunguliwa."

"Hiyo ni sababu yao, Madam. Si yangu."

"Itaokoa kinamasi."

"Itaokoa sitosi. Nikisimama pale kuizungumzia, nitakuwa mtu aliyeazima koti la mwenzake kwenda kuposa. Wakinikubali, wamemkubali nani?"

Nilimwambia huo ni ukaidi. Alisema huenda, lakini amekaa miaka akiandika kwamba kile kitu kina thamani hata kama hakimfai mtu, na siku ya kwanza ya kulisema mbele ya watu hawezi kulificha nyuma ya jambo linalowafaa.

Mkutano ulifanyika Ijumaa kwenye uwanja wa gwaride, jua limesimama. Mstari wa mbele walikaa wazee, na kati yao watatu wa ukoo ule, fimbo zimesimama katikati ya magoti. Mwalimu Mkuu alieleza habari za watoto waliorudishwa, watu wakatikisa vichwa. Mwalimu wa Kilimo aliinua mchoro wake wa mitaro, watu wakapiga makofi. Kisha yeye akasimama.

Alizungumza vizuri. Nimesikia hotuba nyingi tangu siku hiyo na bado nasema hivyo. Hakutaja mvua, wala chemchemi, wala chochote cha faida, ingawa angeweza. Alisema kuna vitu vilivyokuwapo kabla hatujaja na ambavyo havikutuomba kitu, na kwamba mtu anayekaa na jirani wa namna hiyo ana wajibu, hata kama jirani hana mdomo. Watu walimsikiliza kwa adabu. Wazee wale watatu walimsikiliza kwa makini kabisa. Akamaliza kwa swali lake la darasani: "Tukichimba, pole tumpe nani?"

Nyuma kabisa aliinuka mama mmoja, mtoto mgongoni, leso ya kijani kichwani.

"Mwalimu," alisema, "mimi sijasoma. Lakini pole naijua. Hiyo pole mpe mtoto wangu. Juzi alirudishwa juu ya gorogoro, akatembea mpaka kwa bibi yake, akakosa. Ukishampa pole, sasa niambie atakula nini."

Mwalimu alivua miwani. Nilimngoja aseme kitu, kwa maana msomi hakosi la kusema.

"Sijui, mama," alisema. "Sijui." Kisha akakaa.

Mikono ilipoinuliwa, kati ya walimu yetu wawili tu haikuinuka.

Jumapili baada ya ibada aliniomba nimwonyeshe njia ya kwenda ng'ambo, kwa mzee mkubwa wa ukoo wa sitosi. Hakuwa anakwenda kutafuta kura, alisema, ila kulikuwa na jambo asilolielewa. Mzee tulimkuta uani akipura maharagwe, akatupa viti, akaagiza chai, akauliza habari za nyumbani kwangu na za mkewe Mwalimu. Hapo ndipo Mwalimu aliuliza.

"Mzee, mlikaa mbele pale. Sitosi ni yenu. Mbona mlinyamaza?"

"Na wewe, Mwarimu, mbona ulinyamaza? Madam hapa alijua. Wewe ulijua."

"Haikuwa yangu kuisema."

Mzee aliweka fimbo chini. "Sasa sikia. Sisi tuliketi usiku, tukasema, huyu mtu amesoma mpaka Nairobi. Ako na neno kubwa kuliko letu. Tukiingiza hapo mambo yetu ya matope, ati tutamharibia. Wacha amalize."

"Nami nilijiambia, wenyewe wapo, wakitaka watasema."

"Si tulikuwa tunangoja wewe! Ukamaliza na *sijui*!"

Mzee alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka mke wake akatoka jikoni kuangalia, na Mwalimu, ambaye sikuwahi kumwona akicheka kwa sauti, alicheka naye, machozi yakimtoka, mkono juu ya goti la mzee. Walikuwa wamenyamaziana kwa heshima mpaka kinamasi kikapigiwa kura. Mimi pekee sikucheka. Nilikuwa nahesabu siku: uchimbaji ungeanza kesho yake.

Kesho yake mzee alifika na wenzake sita wakati mitaro ilikuwa tayari imekata sehemu ya juu. Hawakupiga kelele. Walitembea mpaka katikati, wakachomeka fimbo moja ardhini, wakaketi nyuma yake. Mwalimu Mkuu alikuja, wakasalimiana, wakazungumza muda mfupi. Yeye mwenyewe alikuwa mwana wa ukoo wa jirani, na hakuhitaji kuelezwa sitosi ni nini. Uchimbaji ulisimama kwenye ile fimbo.

Kwa hiyo kinamasi kiligawanywa. Nusu ya chini ilibaki, kwa sababu ya matope ya wavulana. Nusu ya juu, penye matete walikotaga korongo, ikawa shamba. Korongo walirudi siku chache, wakasimama kando ya mitaro kama watu waliokuta nyumba imefungwa, kisha hawakuonekana tena. Kilichosalia ndicho ambacho watu walikuwa na kazi nacho. Kile ambacho hakuna mtu aliyekuwa na kazi nacho, ambacho ndicho alichokiandikia kurasa zote zile, ndicho kilichokwenda. Alikiona hicho kabla yangu. Alikiona siku ileile, kutoka dirishani.

Mahindi yalikuwa marefu kuliko mtu. Msimu uliofuata hakuna mtoto aliyerudishwa kwa ajili ya gorogoro, na hilo lazima niliseme waziwazi. Siku ya kwanza githeri ya shamba lile ilipoletwa chumba cha walimu, Mwalimu wa Kilimo alimsogezea sahani kwa upole usio wa kawaida yake.

"Hii ni ya kule, Mwalimu. Usije ukasema sikukuambia."

"Najua."

"Na utakula?"

"Niliulizwa mtoto atakula nini, nikasema sijui. Wewe umejibu. Nisile kwa nini?"

Akala, akamaliza, akamshukuru. Kisha akaenda kusimama dirishani. Mwalimu wa Kilimo alimfuata, wakasimama pamoja mpaka kengele ikalia.

Agosti iliyofuata mzee alituma mtu kumwita Mwalimu aje sitosi. Kwao, aliyesemea kitu cha ukoo, hata kwa kuchelewa, hakai nyumbani siku hiyo. Nilimwona akirudi asubuhi, koti begani, suruali imekunjwa, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Nilimuuliza imekuwaje. "Baridi," alisema, akaingia ndani.

Kilichosimama ni tasnifu. Safari za Kitale zilipungua, kisha zikakoma. Alisema amekwama mahali pamoja tu, kwenye swali la yule mama, na kwamba falsafa isiyoweza kumjibu mtu aliyesimama na mtoto mgongoni haistahili kupigwa chapa. Nilipohamishiwa ofisi ya elimu Bungoma, faili ya kijani ilikuwa juu ya kabati, chini ya sufuria za mkewe.

Tulionana mara chache baada ya hapo. Alihamia shule ya karibu na Misikhu, akazeeka kidogo, akapata mtambo mpya wa kutegea fuko. Halafu Ijumaa moja, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, aliingia ofisini kwangu na ile faili kwapani, akakaa kiti kilichokuwa wazi, cha wageni.

Alikuwa ameimaliza. Profesa alikuwa ameisoma na kuikubali, isipokuwa sura ya tano, iliyosimulia mkutano. Hoja ya njaa, profesa aliandika, imeachwa bila jibu. Mwandishi ajibu, na arudishe kufikia Jumatatu, la sivyo jina lake litaondolewa kwa sababu ya kuchelewa miaka mingi. Mwalimu alikuwa ameandika jibu. Ukurasa mmoja na nusu.

"Wewe ulikuwepo, Madam. Soma."

Nilisoma. Alikuwa ameandika kwamba mama mmoja alimuuliza mwandishi mtoto wake atakula nini, naye akamjibu: njaa ya mtoto yule haikuletwa na kinamasi, bali na namna watu walivyogawa ardhi, wengine maelfu ya ekari na wengine upana wa mkeka, na kwamba kukikausha kinamasi ni kumwadhibu jirani asiye na mdomo kwa kosa la wenye midomo. Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa bora kuliko lolote nililowahi kulisikia.

"Hukusema hivi," nilisema.

"Nilisema nini?"

"Ulisema, sijui, mama. Sijui. Ukakaa."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

Alivua miwani akaisugua kwa ncha ya koti. "Hili jibu limenichukua miaka minane."

"Basi andika hivyo. Andika kwamba siku ile hukujua, na ukajua baadaye. Profesa atakubali."

"Atakubali. Lakini mtu mwingine yeyote akisoma ataniuliza: ulipolijua, ulimpelekea?"

Alikuwa amemtafutia jibu mama yule kwa miaka minane, na sasa alikuwa karibu kulipeleka Nairobi.

"Alikuwa anaitwa nani?" aliuliza.

Mimi husifiwa kwa kukumbuka. Niliikumbuka leso yake ya kijani, upande aliosimama, mtoto mgongoni aliyekuwa na soksi mguu mmoja. Jina sikulijua. Sikuwa nimeuliza. Yeye pia hakuwa ameuliza. Tulikuwa watu wawili waliosoma, na katika faili nzima, kurasa zote zile, alikuwa "mama mmoja."

Alifunga faili, akaniaga, akaniomba nimsalimie mume wangu.

Jumatatu, saa nne asubuhi, simu ya ofisi ililia. Alikuwa mke wake.

"Madam, ako na wewe? Basi ya usiku ya Nairobi ilienda bila yeye. Tangu jana hajarudi, na ile faili ameibeba."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilimwambia atakuwa upande wa Naitiri, anamuulizia mama mmoja nyumba kwa nyumba.